Kumtafuta Mwalimu Njeri wa Gatina

Tangu nirudi mmeniuliza maswali, na mimi nimewajibu nusu nusu, kwa sababu kila nikianza kusimulia kengele inalia. Leo nimekaa nikaandika yote. Atakayechoka alale. Habari za barua ya ruhusa na nani alimpigia nani simu nimeziruka, hizo hazina utamu wowote.

Ninyi walimu wenzangu mnamjua Nekesa, lakini karatasi hutembea, na inaweza kumfikia mtu asiyetujua. Basi mimi ni Mutheu, nafundisha gredi ya tatu hapa Raila, Kibera, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba. Nekesa ni msichana wa darasa langu, ana miaka tisa na sauti nzuri, na hajui kusoma. Darasa likisoma kwa pamoja yeye hupanua mdomo na wenzake, na ukisikiliza kutoka mlangoni utaapa kwamba anasoma. Siku moja walisoma hadithi ya sungura yote mpaka nukta ya mwisho, na nilipopita karibu naye nikaona kitabu chake kimefunguka kwenye picha ya ng'ombe. Nilienda kwa kiti changu nikakaa.

Mama yake alikuwa ameshanijia, bila ugomvi. "Ticha, mimi nimejaribu," alisema. "Mkifunga shule nampeleka Bungoma kwa kukhu yake, akae huko asaidie shamba. Kitabu imemkataa." Kukhu ni nyanya. Kufunga shule kulikuwa kumebaki wiki tatu. Niliogopa, na nitawaambia ukweli, sikuogopa kwamba kitabu kimemkataa Nekesa. Niliogopa kwamba ni mimi nisiyejua kufundisha, na kwamba sijajua miaka yote kumi na saba.

Kwenye semina ya likizo iliyopita, ile ya biskuti na maneno mengi, mwenzangu mmoja alikuwa ameniambia kwamba Gatina, kule Kawangware, kuna Mwalimu Njeri, na watoto walioshindikana hutoka kwake wakisoma. Nikaomba siku moja tu niende nikae nyuma ya darasa lake nimwangalie. Hiyo ndiyo safari yenyewe.

Raila hadi Highrise

Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Mnaijua Julai yetu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati, huoni mwisho wa uchochoro, unasikia tu mlango ukisukumwa na mtu akikohoa na maji yakimwagwa, na hujui ni upande gani. Sikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimeota herufi, kubwa na ndogo, zimepanga foleni mlangoni kwangu zikisubiri nizifungulie, na hata nilipokuwa natembea niliona kama bado ziko nyuma yangu zinanifuata polepole.

Nilikuwa nimevaa koti la kijivu la kanisani na viatu vya kufunga kamba, na mkononi nilibeba faili. Ndani ya faili hiyo hakukuwa na kitu ila karatasi tupu za kuandikia. Hilo lishikeni, kwa sababu faili hiyo ilinitesa siku nzima.

Pale kwenye ukuta wa Nyayo Highrise kuna mama mmoja wa Siaya anayeuza chai na mandazi, tunamwita Mama Atis. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Sasa, ticha! Umependeza hivyo unaenda wapi?"

"Kawangware."

"Kawangware na nini? Mathree zimegoma, kwani hujaskia?"

Sikuwa nimesikia kwamba matatu zimegoma. Niliangalia barabara, na kweli, hakukuwa na honi hata moja. Nikauliza kuhusu boda.

"Boda zimebebwa zote na watu wa ofisi tangu saa kumi na moja. Kunywa chai kwanza. Kawangware haitahama."

Nikanywa chai, nikala mandazi mawili ya moto yenye iliki, nikaona aibu kurudi nyumbani na koti lile. Nikaamua kutembea. Ninyi mnacheka mkisikia naiita safari ndefu. Haya, funga viatu vya kanisani utembee kutoka Raila mpaka Gatina, halafu uje unichekee.

Mbagathi

Barabara ya Mbagathi ilikuwa imejaa watu na iko kimya. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Watu mamia wanatembea ndani ya ukungu, wengine na viatu mkononi, hakuna anayeongea, unasikia nyayo tu. Mtu anatokea mbele yako, anakuwa mzima, anakupita, anayeyuka. Nilitembea katikati yao nikawa sijui kama nimeamka kweli. Kutoka ndani ya ua fulani niliwasikia watoto wa shule wakiimba a, e, i, o, u, na miguu yangu ikaanza kuzifuata hizo sauti yenyewe.

Mzee mmoja wa kofia ya sufu, mlinzi aliyekuwa ametoka kazini, alianza kutembea sawa na mimi. Aliiangalia ile faili kwa muda.

"Madam, kesi ni ya nini?"

"Kesi gani?"

"Si unaenda kotini? Naona faili."

Nilikuwa na usingizi, nikajibu tu lililokuja. "Ni mambo ya mtoto."

"Woiye. Baba yake amekataa kulea?"

"Hapana, mzee wangu. Mimi ni mwalimu. Naenda kumwona mwalimu mwenzangu anavyofundisha, nijifunze."

Alisimama katikati ya watu, wakalazimika kutupita kama maji yanavyopita jiwe. "Mwalimu anaenda kufundishwa?"

"Ndiyo."

"Na hao watoto wako wanajua?"

"Hawajui."

"Usiwaambie," akasema kwa uzito wote. Kisha akavua kofia, akaniombea pale pale, na katika maombi yake alimtaja hakimu mara mbili, amlegeze moyo. Sikumkatiza. Nilisema amina, na kusema kweli nilijisikia vizuri zaidi baada ya maombi yale kuliko baada ya mandazi.

Ngong Road

Mvua ilinishika kwenye wale mafundi wa vitanda na sofa wanaopanga kazi yao kando ya Ngong Road. Si mvua ya kelele. Ni ile ya Julai, nyembamba, inayokuingia polepole mpaka kwenye mfupa. Fundi mmoja aliniita nijifiche chini ya turubai yake, na aliposikia jina langu akaanza kunisalimia kwa Kikamba. Kumbe ni mtu wa Mwingi, anaitwa Mutua.

"Kaa hapo kwa sofa," akasema. "Imeisha jana, gundi imekauka."

Nilikaa. Ilikuwa sofa ya rangi ya zambarau, laini ajabu, na mvua ilikuwa inagonga turubai kidogo kidogo. Nilifumba macho nipumzishe miguu. Herufi zangu zikarudi, safari hii zimekaa kwenye makochi, zinakunywa chai, na Nekesa anazihudumia moja moja akizitaja kwa majina, na mimi nalia kwa furaha. Halafu herufi moja ikanigusa bega ikauliza, "Hii kitanda ni how much?"

Nikafungua macho. Ni mwanamke wa mwavuli, amesimama mbele yangu, na mimi nimeketi wima kwenye sofa na koti langu na faili mapajani kama mwenye duka.

"Sijui," nikamjibu. "Mimi niko safarini."

Alinitazama, akakitazama kitanda, akaenda zake. Fundi Mutua alikuja mbio kutoka nyuma na randa mkononi.

"Ai, mwalimu! Umenifukuzia kastoma!"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini alikuwa anacheka, akanipa chai ya chupa, na tulipokuwa tunakunywa nikamweleza ninakoenda. Yeye hakuona ajabu yoyote. Alisema kila Jumapili akitoka kanisani hupita kwa mafundi wengine, anajifanya mnunuzi, anakaa kwenye viti vyao, anaingiza mkono chini aguse walivyofunga mbao. "Ukiuliza hawakuambii," alisema. "Lazima ukae kwa kazi ya mtu ndio ujue." Mvua ilipokwisha ilikuwa saa tatu na zaidi. Nilitakiwa kufika Gatina saa mbili.

Dagoretti Corner hadi Kawangware

Sehemu hii siwezi kuwapa kwa mpangilio, kwa sababu mimi mwenyewe sikuipita kwa mpangilio. Ukungu ulikuwa umepanda, jua likawa linatokea na kupotea, na viatu vilikuwa vimeanza kunikata. Nilinunua mahindi ya kuchoma nikatembea nikila, mimi mwalimu mzima, mbele za watu. Simu ya Mwalimu Njeri ilikuwa haipatikani.

Kawangware ukiuliza njia, unaelekezwa kwa makanisa. "Ukifika kanisa ya bluu, ingia ndani, uulize." Nilifika kanisa la bluu, nikaingia ndani, nikauliza, wakaniambia hilo si kanisa la bluu lile. Nikafika la pili. Hapo mama mmoja mwenye ploti, amesimama nje ya ghorofa yake anaangalia fundi akipaka rangi, aliona faili akadhani mimi ni mkaguzi wa majengo, akaanza kunieleza kabla sijafungua mdomo kwamba ngazi za nyuma zitawekwa vyuma wiki ijayo. "Mwambie bosi wako Jumanne," alisema. Nikamwahidi. Ningefanya nini? Nilikuwa nimechoka kukataa.

Na kila niliponyoosha sikio kulikuwa na shule. Shule juu ya duka, shule nyuma ya kanisa, shule kwenye ghorofa ya pili na nguo zimeanikwa dirishani. Zote zinaimba. Mwalimu anasema mara moja, watoto wanarudisha mara tatu. Nilipita katikati ya sauti zile nikifikiria ni Nekesa wangapi wamefichwa humo ndani. Nilisimama kidogo kando ya kibanda cha sukuma wiki nikisikiliza.

Gatina, darasani

Nilifika shuleni saa nne na nusu. Sikuwa nimegonga lango vizuri nikasikia ndani mtu akikimbia, kengele ikalia mara moja fupi, halafu kimya kikubwa. Mwalimu mkuu alitokea anafunga kifungo cha koti. Ni bwana wa makamo, mpole, jasho liko puani, nitamwita Bwana Gitau.

"Karibu sana, madam. Tulikuwa tunakungoja."

Nikajua ananijua. Nikamwomba radhi kwa kuchelewa, nikasema nimekuja kuona gredi ya tatu ikisoma. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Gredi ya tatu, ndiyo. Mara moja. Dakika tano tu, madam, unywe maji." Dakika tano zilikuwa kumi na tano, na huko ndani nilisikia madawati yakiburutwa.

Darasa likasimama, likaniimbia wimbo wa mgeni, likakaa. Mbele alisimama mwalimu kijana, mrefu, kasuka vizuri, Kiingereza chake kinateleza kama sabuni. Nikajiambia, huyu ndiye Njeri. Nilitoa karatasi zangu. Alishika fimbo nyembamba, akaelekeza kwenye chati, darasa likasoma. Lilisoma kwa sauti moja tamu, hakuna aliyebaki nyuma, hakuna aliyetangulia. Niliandika ukurasa mzima. Niliandika rangi za chati. Niliandika anavyoshika fimbo. Na ndani yangu nilikuwa nazama, kwa sababu kila alichofanya, mimi pia hufanya.

Halafu nikaona mabegi. Dawati la nyuma, upande wa dirisha, mabegi matano yamekaa na hayana wenyewe.

Nilijua mara moja. Nilijua kwa sababu na mimi hufanya hivyo, na ninyi pia mnafanya, tusidanganyane. Gari la afisa wa elimu likionekana, wale wasiojua kusoma tunawatuma maji, au tunawapeleka wakasaidie jikoni, na wengine tunawasogeza karibu karibu ili darasa lisionekane na mapengo. Hatuwachukii. Tunasema tunawaepusha aibu. Nekesa amechota maji mengi sana katika miaka yake hapa, na kila mara alipokuwa akitoka na mtungi alinitazama, na mimi nikaangalia saa.

Ndipo nikaelewa pia kwamba mimi ndiye afisa. Koti, faili, viatu. Nilisikia uso ukiwaka moto. Ningesema pale pale, lakini nilikosa ujasiri wa kumwaibisha yule mwalimu kijana mbele ya watoto. Nikauliza choo kiko wapi.

Nyuma ya jiko

Choo kilikuwa nyuma ya jiko. Na nyuma ya jiko, kwenye kreti iliyogeuzwa, alikaa mwanamke mfupi wa sweta kuukuu na gambuti, sinia ya maharagwe mapajani, anachagua mawe. Watoto watano walikuwa wamemzunguka. Nilidhani ni mpishi. Moshi wa kuni ulikuwa unatupitia polepole, jua limeingia ndani yake, na kwa dakika moja niliwaona kama watu walio mbali sana. Hakuna aliyeshtuka kuniona.

Mtoto mmoja alikuwa ameshika kipande cha katoni. Kwenye katoni kumeandikwa kwa mkaa: *Paka yetu amekula omena ya jirani.*

"Paka," mtoto alisoma. "Paka ye… yetu. Paka yetu ame… amekula."

Alisimama. Mwanamke aliendelea kuchagua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Omena," mtoto akasema, akacheka. "Omena ya…"

Hapo kukawa kimya. Kimya kile, wenzangu, sikuweza kukivumilia. Ndani yangu kitu kilinisukuma kama mtu anayetaka kudaka kikombe kinachoanguka. Nikainama nikasema, "Ji…"

"Madam," akasema yule mwanamke, taratibu, bila kunitazama. "Chagua maharagwe."

Akanisogezea sinia. Nilichuchumaa na koti langu la kanisani. Niliokota jiwe, nikaokota la pili. Mtoto alikuwa anaangalia katoni, anaangalia moshi, anakuna goti, anaangalia katoni tena. Nilichagua maharagwe mpaka nikaanza kuona yalivyo na madoa tofauti. Sikumbuki kama nimewahi kumngoja mtoto muda wa aina hiyo. Kila mtoto aliyewahi kukwama mbele yangu, nimemrukia na jibu, na yeye akalirudia, na mimi nikasema vizuri sana.

"…ji…ra…ni," mtoto akasema. "Jirani! Ya jirani! Na alichapwa!"

Wote wakacheka, kwa sababu paka ni wa kwao na hadithi ni yake mwenyewe, alikuwa ameisimulia asubuhi na ikaandikwa jinsi alivyoisema. Nilicheka nao, halafu nikaona nalia, nikasingizia moshi.

"Sasa afisa," mwanamke akasema, "andika kwa hiyo faili yako kwamba watano wako hapa. Mimi nimechoka kuficha."

"Mimi si afisa. Mimi ni Mutheu. Natoka Raila."

Mikono yake ikasimama. "Mutheu? Mimi ndiye Njeri! Nimekungoja tangu saa mbili! Simu imezima chaji, nikaambiwa afisa amefika, nikatumwa huku na hawa!"

Alicheka mpaka maharagwe mengine yakamwagika, na watoto wakayafuata chini ya kuni. Nilimuuliza kwa nini yeye pia hufichwa. Alisema Kiingereza chake ni cha kuokota, hana chati za rangi, na darasa lake lina makelele, kwa hiyo wageni wakija mwalimu mwenzake husimama mbele na yeye hutolewa na wale watano.

"Na hii njia ulijifunzia wapi?"

"Hapa hapa. Unadhani ni semina? Nilitumwa huku mara ya kwanza bila kitabu, bila ubao, bila chaki. Nikakaa bure. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nikaona aibu kukaa bure, nikawauliza nyumbani kumetokea nini, nikaandika na mkaa." Akaokota harage, akalipuliza vumbi. "Hii ya maharagwe ni yangu mimi. Mkono ukiwa na kazi, mdomo unatulia. Mimi naongea sana, si umeona?"

Bwana Gitau alipoelezwa, alikaa chini kwenye ngazi akajipangusa uso na leso. Hakukasirika. Alisema tu, "Nilikuwa nimeshafikiria maneno ya kumwambia bodi." Kisha akacheka kidogo, akatuletea githeri, mahindi na maharagwe, kwa sahani zenye maua, sahani za wageni. Ilikuwa githeri ya parachichi na kitunguu kilichokaangwa vizuri, na sijala githeri tamu kama ile mwaka huu. Nilipomaliza nilibaki pale mpaka saa tisa, sio darasani, nyuma ya jiko. Sikuandika kitu.

Kurudi

Kurudi nilitembea nusu na nusu nyingine nikapata boda. Jua lilikuwa limetoka kabisa na Ngong Road yote ilikuwa inang'aa kwa maji. Sikumbuki watu. Nakumbuka nilikuwa naongea peke yangu, nikijiambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kuhusu watoto wa miaka yote ile ambao sikuwangoja. Wengine sasa ni watu wazima. Mmoja hunibebea mizigo sokoni na bado huniita ticha.

Raila, wiki tatu

Mmeniona nimekaa na Nekesa nje ya jiko letu wakati wa chai, sinia mapajani, na mkasema Mutheu amepata kazi ya upishi. Nilinyamaza kwa sababu sikujua kama itafaa. Wiki ya kwanza haikufaa. Nekesa alikuwa amezoea kunitazama mdomo apate jibu, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa, basi aliogopa. Alidhani nimemkasirikia. Siku mbili alilia. Nilichagua maharagwe nikimngoja, na mara mbili nilishindwa nikamwambia neno, na mara zote mbili likapotea kesho yake.

Wiki ya pili akaniambia habari za kukhu yake, na nikaziandika kwenye daftari jinsi alivyozisema, nikamwachia. Wiki ya tatu alikuwa analala na daftari lile.

Siku ya kufunga shule mama yake alikuja mapema, begi la safari begani, nguo za mtoto zimejaa mpaka zipu haifungi. Alisema basi la Bungoma linaondoka saa nane mchana. Nilimwomba akae kidogo. Alikataa kukaa, akasimama mlangoni na begi.

Nekesa alifungua daftari kwenye dawati. Hakunitazama. Akaweka kidole.

"Kukhu ana ng'ombe mbili," akasoma. Alipumua. "Mimi na… napenda ng'ombe."

Kisha akakwama. Mama yake akafungua mdomo, na mimi nikamshika mkono, nikautikisa kidogo, hapana. Tulisimama hivyo. Nje watu walikuwa wanaaga, wanafunzi wanapiga kelele za likizo. Kidole cha Nekesa kilitoka kwenye neno, kikarudi.

"La… lakini. Lakini si… sita… sitaki kwenda."

Mama Nekesa alinigeukia. "Nani ameandika hiyo maneno?"

"Amesema mwenyewe," nilimjibu. "Mimi nilishika kalamu tu."

Alikuja mpaka kwenye dawati, akainama juu ya daftari. Yeye mwenyewe hakusoma zaidi ya darasa la pili, aliniambia hilo baadaye. Aliliangalia lile neno la mwisho kwa muda mrefu.

"Soma tena," akasema.

Nekesa akasoma. Mama akashusha begi begani, akaliweka chini, akaketi kwenye dawati la watoto, magoti juu.

"Tena. Polepole, na mimi nione."

Saa nane ilipofika tulikuwa bado tumeketi pale watatu, na Nekesa alikuwa anamwonyesha mama yake ni wapi pameandikwa *ng'ombe*.